Mawe ya tangi la bahari nyumbani: shajara ya mradi, Tanga

Machi, kabla ya masika

Tangi limetoka kwa fundi vioo wa Ngamiani. Urefu sentimita 120, upana 45, kimo 45. Kwa hesabu ya karatasi ni lita 243, lakini ukitoa nafasi ya juu, mchanga na mawe, maji yenyewe hayatazidi sana lita 200. Meza ipo, imejengwa kubeba uzito wa watu wazima wanne. Pampu mbili zipo, taa ipo. Kilichobaki ni mawe, na mawe ndiyo kazi yenyewe.

Anayefuga samaki wa maji baridi anaweza kuweka jiwe kwa ajili ya pambo. Kwenye tangi la maji chumvi, jiwe ndilo linalosafisha maji. Samaki hutoa amonia, na amonia ikizidi inamuua. Bakteria wa jamii ya Nitrosomonas huigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu bado. Wengine, Nitrospira, huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia. Bakteria hawa hupenda kujishikiza kwenye uso wa kitu kuliko kuelea majini, na jiwe lenye vitundu vingi lina uso mkubwa kuliko jicho linavyoona. Kule ndani kabisa, oksijeni inakoadimika, kuna bakteria wa aina nyingine wanaoichukua naitreti na kuiachia hewani ikiwa gesi ya naitrojeni. Ukikosea jiwe, unanunua mitambo ya kuchuja ili ifanye kazi ambayo jiwe lingefanya bure.

Kanuni ya zamani ya wafugaji inataka nusu kilo hadi kilo moja ya mawe kwa kila lita nne. Kwa tangi langu ni kilo 25 mpaka 50. Mimi sipendi kanuni hii, kwa sababu inapima uzito, na uzito hauna habari na vitundu. Jiwe zito lisilo na matundu unalilipia mara mbili: linafukuza maji, halafu halifanyi kazi. Nitalenga kilo 25 za mawe mepesi, nisizidishe.

Machi, mwishoni

Nimepiga hesabu ya mawe makavu ya kuagiza nje. Jiwe lenyewe lina bei inayovumilika. Kinachoua ni nauli. Kusafirisha kilo 25 za mawe kwa ndege mpaka Dar es Salaam, kuyatoa, kisha kuyapakia basi la kuja Tanga, gharama inapita thamani ya tangi, meza na pampu kwa pamoja. Kwa mkaaji wa Ulaya kuna mantiki kulipia jiwe la matumbawe. Sisi pwani hii tumejenga nyumba juu yake.

Njia ya pili ilikuja yenyewe mpaka mlangoni. Kijana mmoja mvuvi wa Sahare alisikia natafuta mawe, akaja na vipande viwili kwenye ndoo, bado vinatiririka. “Kaka, haya yamejaa kule. Yalishavunjwa na mabomu ya uvuvi tangu zamani, yamekufa tu. Nikuletee ndoo ngapi?” Alikuwa na nia njema kabisa. Nilimshukuru, nikamwomba avirudishe kwenye maji yanapopwa, na nikamlipa nauli yake.

Nataka niandike sababu zangu za kukataa mawe ya baharini, kwa kuwa swali hili linaulizwa kila mara. Ya kwanza ni sheria. Ukanda wa bahari kuanzia karibu na mlango wa mto Pangani mpaka kaskazini ya jiji letu umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, na hifadhi hizi zina sheria yake tangu 1994. Matumbawe magumu yamo pia kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Ya pili ni mwamba wenyewe. Kile kifusi kinachoitwa kimekufa hakijafa. Ndani yake anajificha pweza ambaye kina mama wanamfuata maji yakipwa, na juu yake ndipo mtoto wa tumbawe anapotua akitafuta pa kuota. Mwamba uliopigwa mabomu unahitaji kila kipande kilichobaki. Ya tatu ni ya tangi. Jiwe lililotolewa baharini leo na kukaa ndooni saa chache linaanza kuoza: sponji zinakufa, minyoo inakufa, na amonia inapanda kwa fujo. Na wasiokufa ni wale usiowataka, kama Aiptasia, anemone mdogo msumbufu, ambaye akishaingia tangini kumtoa ni kazi ya miaka.

Kwa hiyo baharini siondoi jiwe. Imebaki nchi kavu.

Aprili, mvua zimekolea

Leo nimekwenda machimboni, njia ya Pangani. Kuna shimo pana ambako wanakata mawe ya kujengea, yale meupe ya matumbawe ya kale. Huu ulikuwa mwamba wa bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa. Maji yakashuka, mwamba ukabaki juu. Ukichungulia ukuta wa shimo unaona bado maumbo ya tumbawe lenyewe, yale mabonge ya mviringo na matawi, na magamba ya kombe yamenasa katikati. Mkataba wa CITES nao unayatenga matumbawe ambayo yameshakuwa visukuku, na machimbo haya ni ya watu, yana mwenyewe na yana bei.

Mzee anayesimamia alikuwa ameketi chini ya mkorosho.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Unajenga?”

“Hapana mzee. Natafuta mawe ya kuweka kwenye tangi la samaki.”

Alinitazama kidogo, kisha akauliza swali la fundi: “Unataka yaliyoshiba au yenye njaa?”

Sikuhitaji kuulizia maana, alishaanza kunionyesha kwa mkono. Yaliyoshiba ni yale yaliyojaa, mazito, yanayokatwa mraba na kubeba ukuta. Yenye njaa yana matundu, yanavunjika kona, yanakunywa udongo wa kujengea mpaka fundi analalamika. Hayo wanayatupa pembeni. Lundo lake lilikuwa kubwa kuniliko. Ndilo lundo langu.

Mafundi wa zamani wa pwani hii walijua kuchagua jiwe kuliko sisi. Nenda magofu ya Tongoni, njia hiyohiyo, utaona. Kuta za msikiti na makaburi zimejengwa kwa mawe ya kuchimbwa ardhini, yakashikishwa kwa chokaa. Palipohitaji nakshi nyembamba, kama kwenye mihrabu, majengo ya Waswahili wa zamani yalitumia tumbawe la Porites, lililotolewa baharini na kuchongwa likiwa bichi na laini, kisha likakauka likawa gumu. Kila kazi na jiwe lake. (Na asije mtu akaokota kipande magofuni. Pale ni urithi, na sheria ya mambo ya kale inalinda.)

Nimechagua kwa njia tatu, palepale.

Kwanza siki. Nilibeba kichupa, nikadondosha tone kwenye uso uliokwanguliwa. Jiwe la kalsiamu kaboneti linachemka povu dogo na unasikia mlio ukiweka sikio karibu. Hapa karibu yote yalichemka, lakini kipimo hiki kinafaa sana ukinunua mjini, kwa sababu malori huleta pia mawe meusi ya milima ya Usambara, ambayo hayachemki kabisa. Hayo si sumu lazima, ila hayana vitundu na mengine yana madini ya chuma.

Pili sumaku, niliyoitoa kwenye spika mbovu. Naipitisha juu ya kila jiwe na kwenye kila ufa. Machimboni kuna vipande vya patasi, waya, misumari. Kipande cha chuma chenye ukubwa wa punje ya mchele, kikiwa ndani ya maji chumvi, kitatoa kutu miezi na miezi na kulisha mwani. Jiwe moja zuri sana, lenye tundu la kupita mkono, lilinasa sumaku ndani ya ufa. Nikaliacha.

Tatu macho na pua. Mawe ya juu ya shimo yana mizizi na udongo mwekundu ndani, na yamekunywa kila kilichopita juu ya ardhi, pamoja na mbolea ya shamba la jirani. Mzee aliniambia nichukue yaliyotoka chini, na alikuwa sahihi. Nimechukua yale meupe ya ndani, mengi yakiwa na ukubwa kati ya ngumi na kichwa cha mtoto, na matatu makubwa ya kuwa msingi. Kiroba cha mawe hayo nimelipa kidogo kuliko nauli ya bajaji iliyonirudisha.

Aprili, jioni ya jana na leo

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha mizani. Nililikausha jiwe juani mpaka uzito ulipoacha kushuka, nikalipima, nikalizamisha ndani ya ndoo usiku kucha, asubuhi nikalitoa, nikalifuta maji ya nje kwa kitambaa, nikalipima tena. Tofauti ni maji yaliyoingia ndani, na gramu moja ni karibu mililita moja.

Jiwe la machimboni: kilo 2.05 likiwa kavu, kilo 2.47 likiwa limelowa. Limekunywa mililita 420. Nikapima na kipande cha chokaa cha upande wa Pongwe, kile kilichofungamana ambacho kiwanda cha saruji kinakitumia, jamaa yake yale ya mapango ya Amboni: kilo 2.10 kavu, kilo 2.12 kimelowa. Kwa macho ya mtu wa mbali yote mawili ni mawe ya chokaa, na siki inachemka kwa yote mawili. Lakini la Pongwe limezeeka chini ya ardhi tangu zama za Jurasiki, vitundu vyake vimejaa na kufungwa. Ni jiwe la saruji, wala halina kosa lolote. Kwenye tangi langu litakuwa mzigo.

Wengi watasema jiwe lolote la chokaa ni zuri kwa kuwa litainua pH. Hili nimelisikia mno na nalipinga. Maji ya bahari ya juu, yenye pH ya 8.1 au 8.2, tayari yamejaa kalsiamu kaboneti kupita kiasi cha kuyeyusha zaidi. Jiwe likikaa humo haliyeyuki kwa kiasi cha maana, liwe aragonaiti au kalsaiti, aina mbili za kalsiamu kaboneti hiyohiyo. Lingeanza kuyeyuka pH ikishuka sana, na pH ikishuka hivyo samaki na matumbawe yako yameshaumia. Jiwe tunalichagua kwa vitundu na usafi. Kemia ya maji inasimamiwa kwa kupima na kubadilisha maji.

Mwisho wa Aprili

Kusafisha. Brashi ya nailoni, si ya waya, kwa sababu ya chuma kilekile. Maji ya bomba kwa mpira, kila tundu, mpaka yatoke meupe. Mawe yaliyotoa udongo mwekundu kila nikiyageuza nimeyaweka kando, sasa ni mpaka wa bustani ya mama mdogo, na amefurahi.

Kisha jiki, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, uani, mbali na watoto. Jiki inaunguza mabaki ya viumbe yaliyojificha ndani. Pipa hili halikutani na siki wala asidi kwa namna yoyote, maana mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua mapafu. Baada ya hapo maji safi, kumwaga, maji safi, kumwaga, halafu kuanika kwenye bati mpaka harufu iishe kabisa.

Wapo wanaotumia asidi ya hidrokloriki kuondoa ngozi ya nje ya jiwe pamoja na fosfeti iliyoshikamana nayo. Inafanya kazi. Kwangu, nyumba yenye watoto na uwanja mdogo, nimechagua muda badala ya asidi.

Mei

Mei nzima ni ya fosfeti, na hapa ndipo jiwe la bei nafuu linapodai bei yake iliyobaki.

Fosfeti inaganda kwenye kalsiamu kaboneti na kutoka polepole. Jiwe linaweza kuwa jeupe, lisilo na harufu, na bado likalisha mwani wa kijani tangini mwaka mzima. Dawa ni kuloweka, kupima, kumwaga, kuloweka tena. Nimeyagawa mawe kwenye ndoo nne, kila ndoo na pampu ndogo ya kuzungusha maji. Maji ninayotumia ni yaliyochujwa, ya duka la maji. Mvua ilikuwa inashuka bure juu ya bati, lakini bati la nyumba yetu limepakwa zinki, na konokono na kamba hawavumilii zinki wala shaba. Maji ya bati nilioshea tu mara za kwanza.

Vipimo vya mwanzo: ndoo tatu zilikuwa karibu na miligramu 0.25 kwa lita. Ndoo ya nne ilipita 1. Ndani ya ndoo ya nne kulikuwa na jiwe moja kubwa la msingi, bapa, ambalo nadhani ndege walikuwa wanatua juu yake machimboni, maana lilikuwa limekaa juu kabisa ya lundo. Nimelitenga peke yake. Nataka zote ziwe chini ya 0.1 kabla ya kuingia tangini.

Wakati mawe yanaloweka, nimetengeneza mawili kwa mkono. Machimbo yanatoa mabonge, hayatoi upinde wala daraja, na samaki wanapenda kupita chini ya kitu. Mchanganyiko wangu ni saruji ya Portland sehemu moja, makombe yaliyosagwa na mchanga mweupe wa matumbawe sehemu nne, chumvi ya mawe sehemu mbili, maji kidogo mno, mpaka uikamate mkononi na isidondoke. Chumvi ya mashamba ya hapa pwani, ile ya punje nene ambayo haijasagwa, ndiyo bora. Unachimba umbo kwenye mchanga wenye unyevu, unamwaga, unafunika. Likishagumu unalitia majini, chumvi inayeyuka na kuacha vitundu ilipokuwa.

Ila saruji mpya inatoa haidroksaidi ya kalsiamu, na maji yanayoizunguka yanapanda pH mpaka 12 na zaidi. Hayo ni maji ya kumuunguza samaki. Upinde utalala kwenye pipa wiki nyingi, maji yanabadilishwa, mpaka pH ya maji yaliyokaa nao siku kadhaa isipite 8.5. Saruji ni rahisi, muda wake si rahisi. Ndiyo maana sikutaka tangi zima liwe la saruji. Mawili ya umbo yanatosha.

Juni, kusi limeanza

Nimesubiri mvua zipungue ndipo nichote maji. Wakati wa masika mito ya Zigi na Mkulumuzi inamimina kwenye ghuba yetu maji matope, na chumvi inashuka. Nimepanda ngalawa na jamaa kwenda nje ya ghuba, maji yakiwa yamejaa, siku za bamvua. Kipimo cha chumvi kilisoma 1.025. Maji nimeyaacha yatue kwenye mapipa, nikayachuja kwa kitambaa tu, kwa kuwa nawataka bakteria waliomo.

Mawe yameingia kabla ya mchanga. Hili nalisisitiza: jiwe lilale juu ya sakafu ya tangi, si juu ya mchanga. Samaki wachimbaji wakifukua chini yake, mlima unaanguka, na kioo hakina msamaha. Chini ya mawe ya msingi nimeweka vipande vifupi vya bomba la PVC kama miguu, ili maji yapite chini, uchafu usitulie. Mawe ya juu nimeyatoboa kwa drili ya ukutani na kuyafunga kwa vijiti vya plastiki. Nimeacha upana wa kiganja kati ya mawe na kioo cha nyuma, mkono na brashi viweze kupita. Nilitikisa kila jiwe kwa nguvu kabla ya kujaza maji. Uzito wa mawe makavu yote: kilo 22. Tangi halionekani kujaa hata kidogo, na bado kuna mapango saba.

Juni, mwishoni

Kuwalisha bakteria. Wengi hutupia kamba mmoja aoze. Kamba analeta fosfeti, ambayo nimeifukuza mwezi mzima. Nimetumia kloridi ya amonia kutoka duka la vifaa vya maabara za shule. Kwa lita 200, ili kufika miligramu 2 za amonia kwa lita, ni gramu 1.3 hivi. Joto la maji ni nyuzi 27, pH 8.2. Pampu ya hewa ya betri iko tayari pembeni, kwa sababu umeme ukikatika bakteria nao wanakosa oksijeni, si samaki peke yao.

Julai

Amonia imeshuka mwanzo polepole, halafu ghafla. Naitraiti ikapanda mpaka rangi ya kipimo ikawa zambarau iliyoiva, ikakaa hapo, ikashuka. Jana usiku niliweka tena amonia ya miligramu 2, na leo usiku amonia sifuri, naitraiti sifuri. Naitreti imesoma kati ya 10 na 20, jambo linalokubaliana na hesabu, maana kila dozi ya 2 huzaa naitreti ya miligramu 7 hivi. Fosfeti ni 0.06.

Utando wa kahawia umetanda juu ya mawe. Ni dayatomu, mwani mdogo mno, hutokea kwenye matangi mapya na hupungua wenyewe. Siugusi. Upinde wa saruji mmoja umepita kipimo cha pH na umeingia tangini. Wa pili bado unasoma 8.9. Lile jiwe bapa la ndoo ya nne limefika 0.3 na linaendelea kulowekwa. Nafasi yake upande wa kushoto nimeiacha wazi, na likishuka chini ya 0.1 litaingia. Kesho nabadilisha robo ya maji, kisha nanunua konokono wa kwanza.